Baba Mkwe Kwenye Meza ya Ukaguzi

Kabla sijawa mkaguzi wa abiria wa ndege nilikuwa mpima majani ya chai, na mpaka leo naona ni kazi ileile. Mchumaji analeta kikapu, unatumbukiza mkono hadi kiwiko, unapekua. Wapo waliokuwa wakificha jiwe chini ili mizani iwasifu, na wapo waliomwagia majani maji. Mimi sikuhitaji kutazama. Niliweza kupiga soga na mtu aliyesimama kulia kwangu huku mkono ukiwa ndani ya kikapu cha aliyesimama kushoto, kisha nikamgeukia na kumwambia, "Mama, toa hilo figa ukapikie." Walininunia siku mbili tatu, halafu tukasahau. Nilikuwa na mdomo, sikatai. Lakini nilikuwa na mikono pia.

Shamba letu lilikuwa la umma, kisha likawa la mtu. Ndiyo ilikuwa miaka yenyewe. Sokoni Tukuyu mitumba ilijaa mpaka wazee wetu wakawa wanakwenda kanisani na makoti ya wazee wa Ulaya, duka la ushirika likapata mwenyewe, na kila aliyebahatika kuwa na friji aliuza soda. Mwenye shamba mpya hakuipenda barabara. Akafyeka nyasi za kiwanja cha zamani ambacho kwa muda mrefu kilikuwa malisho ya ng'ombe, akaleta ndege ndogo ya viti tisa. Mara mbili kwa wiki ilitoka Dar es Salaam alfajiri, ikatua kwetu, ikageuza. Mwanzoni ilibeba sampuli za chai na wakubwa wa kiwanda. Baadaye ikambeba yeyote mwenye nauli, pamoja na vifurushi vya watu waliobaki.

Serikali ikasema: ndege hiyo inatua kwenye kiwanja kikubwa, kwa hiyo hapandi mtu wala haupakiwi mzigo bila kukaguliwa. Meneja akauliza nani ana mikono myepesi. Wachumaji wote wakanioneshea kidole, wengine nadhani kwa furaha ya kuniondoa kwenye mizani.

Nikapelekwa Dar es Salaam majuma mawili kujifunza. Huko niliona mashine inayoonesha tumbo la begi kwenye kioo kama cha televisheni, na ilinivunja moyo kidogo, maana haikuhitaji mikono ya mtu. Bahati yangu, mashine hiyo haikuja Rungwe. Tulipewa meza moja, kifimbo cha betri kinacholia kikinusa chuma, na chaki. Mzigo ukishakaguliwa unachorwa alama ya mkato, unawekwa upande wa ndege. Usiochorwa haugusi ndege. Tulikuwa wakaguzi wawili: mimi na mwanamume wa makamo aliyekuwa mlinzi wa shamba. Yeye aliwapapasa wanaume, mimi niliwapapasa wanawake na kupekua mizigo yote.

Tatizo letu lilikuwa fundo. Mtu wa Rungwe akisafiri hafungi mzigo, anauzika. Ndizi zimefungwa kwa kamba ya mgomba, juu ya kamba kuna gunia, juu ya gunia kuna shuka, na shuka lenyewe limefungwa na shemeji mwenye nguvu kuliko wote. Maparachichi kila moja limeviringishwa gazeti. Kibuyu cha maziwa mgando kimezibwa kwa majani na kushonwa. Mimi nafungua, mwenyewe amesimama ananitazama kama ninayemvua nguo mgonjwa wake. Abiria tisa tu, na tulikuwa tunatumia dakika arobaini, wakati mwingine saa nzima. Rubani alikuwa kijana wa pwani, mpole lakini mwoga wa ukungu wetu, na alikuwa na haki ya kuuogopa. Kila wiki aliniambia, "Dada, harakisha." Kila wiki nilimjibu haraka haraka haina baraka, na kila wiki moyoni nilijua ana haki. Nikaanza kukata kamba kwa kisu. Watu wakachukia zaidi, wakafunga mafundo zaidi.

Sasa niseme habari za baba mkwe wangu, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika.

Niliolewa Masoko, kwenye mji wenye migomba hadi mlangoni. Kwetu sisi Wanyakyusa mke wa kijana humwogopa baba mkwe wake, tunaita kutila. Si woga wa kipigo. Ni heshima iliyogeuka kuwa umbali. Humtazami, humsemeshi, hukai naye chumba kimoja, na yeye hivyohivyo kwako. Mkikaribia kukutana njiani, wewe ndiye unayeingia migombani, unajifunika kanga kichwani na kuchuchumaa mpaka apite. Mchungaji alishasema kwamba Mkristo halazimiki. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa. Alimsikiliza mchungaji, akaitikia amina, na akaendelea kukohoa kila alipokaribia kona ya jiko ili nipate nafasi ya kukimbia.

Kwa hiyo miaka tisa nilimjua kwa kikohozi, kwa mgongo wa koti lake ukiishia migombani, na kwa vitu alivyoacha kwenye ukuta wa jiko. Nilipojifungua mtoto wa kwanza niliamka nikakuta mkungu mnene kuliko yote ya shambani. Mume wangu alipokwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya udereva, kuni zilianza kukutwa zimepasuliwa na kupangwa, na hakuna aliyesema nani kazipasua. Mimi nilimpikia. Sahani ikirudi imefutwa na kipande cha ndizi, nilijua nimepatia. Ikirudi na maharage yamesukumwa pembeni, nilijua chumvi imezidi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Nilimpenda, na sikuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa sikujua kama inaruhusiwa kumpenda mtu ambaye hujawahi kumwona usoni.

Nilipopanga chumba Makandana ili niwe karibu na kazi, nilikuwa naenda Masoko Jumamosi. Ndipo nikaanza kuona mabadiliko. Sahani zilirudi na chakula upande mmoja tu, ule wa kushoto, kana kwamba upande huo haukuwepo. Baadaye kuni zikawa zinapasuliwa vibaya. Kisha zikakoma. Mama mkwe akaniambia, kwa sauti ya mtu anayelaumu hali ya hewa, "Mzee haoni."

Madaktari wa Mbeya walisema ni mtoto wa jicho, lakini nyuma yake kuna ugonjwa mwingine mgumu zaidi, na kwamba watakuja mabingwa Dar es Salaam kwa siku chache tu. Mume wangu huko Dar akashinda hospitalini mpaka wakamwandika baba yake kwenye orodha. Simu ilifika posta ya Tukuyu Jumanne mchana: mgonjwa aandikishwe Jumatano kabla ya jioni, vinginevyo nafasi inapewa mwingine. Basi la alfajiri lingefika usiku. Ndege yetu ilikuwa Jumatano asubuhi. Nilikwenda kwa meneja, nikamwambia sijawahi kumwomba kitu. Akanitazama, akasema kuna kiti.

Usiku ule nilipanga kila kitu. Mwenzangu, yule mlinzi wa zamani, atamwita mzee mwisho kabisa, atampapasa yeye na kupekua kikapu chake yeye mwenyewe. Mimi wakati huo nitakuwa nimeshamaliza mizigo mingine na kuingia ghalani kwenye sampuli za chai, na mlango nitakuwa nimeufunga. Mwenzangu alikuwa mtu wa kwetu, hakuhitaji maelezo. Alisema tu, "Dada, hilo limekwisha." Nikalala nikijiona mjanja.

Jumatano kulikuwa na manyunyu. Abiria walikuwa wamesimama kwenye mstari nje, mbele ya banda letu, na mimi nilikuwa nimeshamaliza mizigo ya watu wanne, nimeichora chaki na kuiweka kwenye nyasi. Mara tukasikia ndege. Ilikuwa imewahi, rubani alitaka kuutangulia ukungu. Na kiwanjani ng'ombe saba walikuwa wanakula. Hiyo pia ilikuwa kazi ya mwenzangu. Akanyakua rungu lake, akatimua mbio kuelekea mwisho wa kiwanja, akapiga mayowe. Mimi nikaendelea kuinamia fundo la abiria wa tano.

Sikuwaza kwamba mstari wetu ni mstari wa watu wa Rungwe. Mama mkwe alikuwa anakuja amemshika mzee mkono, taratibu, kwa nyuma. Watu wakaona mzee wa kanisa, kipofu, amesimama kwenye manyunyu. Nani angemwacha? Mmoja akamwamkia kama baba yake, "Mugonile, tata, piteni," wa pili akasogea, wa tatu akamshika kiwiko. Walimpitisha mkono kwa mkono kwa heshima zote mpaka mbele. Nilikuwa bado nimeinama nilipoona kikapu kinatua mezani, na juu ya mpini wa kikapu mkono mkubwa wenye kovu la panga kwenye kidole gumba. Kisha mwenye mkono akakohoa.

Miguu niponye. Sikuamua, naapa, mwili ndio uliamua. Nilivuta kanga kichwani, nikaruka nyuma ya meza, nikapita kando ya ghala na kutumbukia kwenye chai. Nilichuchumaa katikati ya mistari, majani yakinimwagia maji mgongoni. Mkaguzi wa abiria, mwenye cheti kutoka Dar es Salaam.

Yaliyofuata niliyasikia tu. Ndege ilitua. Mvua ikaongezeka kidogo, na abiria, kwa wema wao, wakaona mizigo inalowa. Wakaikusanya yote, ya upande wa ndege na ya upande wa watu, wakairundika chini ya banda. Rubani akaja, akauliza ipi imekaguliwa. Wakaitazama. Chaki ilikuwa imeoshwa. Hakukuwa na alama hata moja.

"Basi yote inaanza upya," nilimsikia rubani akisema. "Na mimi naondoka baada ya dakika ishirini, uwanja usije ukafungwa. Atakayekuwa hajakaguliwa atabaki. Mkaguzi yuko wapi?"

Wote walijua niko wapi na kwa nini, na wote waliona nimefanya sawasawa.

Nikiwa pale chini nilipiga hesabu ya dakika. Ishirini hazitoshi hata mafundo ya watu watatu. Mzee angebaki. Jumamosi mabingwa wangeondoka, na angeishi miaka yake yote iliyosalia akinyoosha mkono kutafuta ukuta, kwa sababu mimi nilimheshimu. Nililia kwa hasira, hasira juu yangu mwenyewe, na bado miguu haikutaka kuinuka.

Mama mkwe ndiye aliyenifuata. Alikuwa mwanamke mfupi, kiongozi wa akina mama kanisani, na hakuwa na subira na chochote isipokuwa kuku wanaoatamia. Alisimama juu yangu, kanga imelowa. Tulizungumza Kinyakyusa, naandika nilivyokumbuka.

"Unajificha asikuone nani, binti?"

"Juba, mama yangu, unajua."

"Yule mtu hajauona uso wa mtu tangu mvua za mwaka juzi. Hawezi kukuona."

"Yeye hanioni," nikasema, "lakini mimi namwona."

Lilikuwa jambo la kweli, na yeye ndiye aliyenifunza: kutila ni kwa pande mbili. Nilitegemea aniambie basi mila iache leo. Hakusema hivyo. Alifikiri, akapangusa uso kwa ncha ya kanga, akasema, "Basi na wewe fumba macho. Mikono yako haikusoma kwa macho."

Akanivuta kwa mkono kama anayeng'oa muhogo.

Tulipokuwa tunarudi, mimi nimejifunika mpaka kidevuni, alianza kuwapigia abiria kelele kabla hatujafika. Mnajua michango ya msiba kwetu inavyopokelewa: kila mmoja anakifungua mwenyewe alicholeta, anakipanga kwenye mkeka mbele yake, na wapokeaji wanapita tu. Ndivyo alivyowaamrisha. "Kila mtu afungue chake! Si yeye afungue, wewe uliyefunga ufungue! Tandika shuka, panga vitu, simama nyuma yake!" Wakapiga magoti. Mafundo yaliyokuwa yananichukua dakika tano, wenyewe waliyafungua kwa pumzi moja, maana kila mtu anajua mkia wa kamba yake uko wapi. Ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Miezi yote ile nilikuwa nimekata kamba za watu, na sikuwahi kufikiri kuwaomba.

Nilipita kwenye mstari ule kwa haraka ambayo sijawahi kuifikia tena. Mkono huku, mkono kule, funga, mbele. Mwenzangu alikuwa amerudi kutoka kwa ng'ombe, ametota, anawapapasa wanaume mmoja mmoja. Rubani alitembea nyuma yangu akibeba mwenyewe kila kilichokaguliwa na kukipeleka kwenye ndege. Alikuwa ameacha kuangalia saa.

Kikabaki kikapu kimoja, kile kilichoachwa mezani. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, ameshapapaswa.

Ningeweza kutazama chini tu, kwenye kikapu. Mtu wa mbali atasema hivyo. Lakini meza ilikuwa nyembamba, na mikono yake ilikuwa juu yake, na mikono ya baba mkwe ni baba mkwe. Mwenzangu angeweza kukipekua, lakini alikuwa bado na wanaume wawili na dakika zilikuwa zimekwisha. Nilimwambia rubani kwa sauti ya chini, "Mimi nitapapasa, wewe utazame. Ukiona kitu sema." Akanitazama bila kuelewa, kisha akamtazama mama mkwe, akaona ni afadhali asiulize. Walimu wangu wa Dar es Salaam wangezimia.

Nikafumba macho. Nikatumbukiza mikono.

Mzee alisikia vitu vyake vikiguswa. Nadhani mama mkwe alikuwa amemnong'oneza, kwa sababu hakukohoa. Badala yake akaanza kutaja. Alitaja kwa Kiswahili, kwa ajili ya rubani, Kiswahili chake cha kanisani na sokoni.

"Hiyo sweta. Hiyo sabuni, nimefunga na jani. Hiyo kitabu ya nyimbo. Siioni tena, lakini naijua yote. Nabeba tu isikae peke yake nyumbani."

Niligusa jalada lililolainika pembeni kwa miaka ya vidole vyake. Nikaliweka kando kwa uangalifu.

"Hiyo ndisi. Amepika mke wa kijana wangu."

Ndizi hizo nilizipika mimi jana yake jioni, nikampa mama mkwe. Zilikuwa bado zimefungwa kwenye jani nililolikausha motoni mwenyewe. Vidole vyangu vilisimama juu yake kwa muda mrefu kuliko ukaguzi unavyotaka.

Kisha nikaishika sweta, nikaikunjua. Ndani ya mkono wa sweta kulikuwa na kitu kigumu, chembamba, cha urefu wa kidole. Kisu cha kukunja. Rubani alikiona wakati huohuo. "Hicho hapana," akasema taratibu.

Nikabaki nacho kiganjani. Kumnyang'anya baba mkwe kitu, mbele ya watu! Sikuwa na mdomo wala mkono wa kufanya hivyo.

Mzee akacheka. Kicheko kifupi, kutoka kifuani. Sikuwa nimewahi kukisikia kwa karibu namna ile.

"Kisu changu ya kumenya chungwa," akasema. "Nimekitafuta tangu Krismasi. Mimi mwenyewe nimesahau kilipo, mkono wake umekiona." Kisha akabadili lugha, akaja Kinyakyusa, na hakuwa anasema na rubani tena, alikuwa ananishukuru mimi. "Kiache kwa mama yako. Ndaga fijo, mwanangu."

Miaka tisa. Kwake nilikuwa mke wa kijana, nilikuwa mtu wa jikoni, nilikuwa huyo wa nyumba ile. Nilifumba macho kwa nguvu zaidi, na machozi yakapita hivyohivyo.

"Ndaga, tata," nikasema.

Hakuna aliyeshtuka zaidi yangu. Mzee akaionja sauti ile.

"Ehe," akasema. "Sauti hii naijua. Ndiyo inayogombana na kuku wangu kila Jumamosi."

Watu wakaangua kicheko, na mama mkwe zaidi ya wote. Nilifunga kikapu kwa kupapasa. Nilisikia viatu vyake vikienda kwenye nyasi, mama mkwe akimwelekeza kanyaga hapa, inua mguu. Nilifumbua macho mlango wa ndege ulipokuwa umeshafungwa. Ikaruka, ikaingia mawinguni upande wa Mlima Rungwe, na baada ya muda mfupi kiwanja chote kikafunikwa.

Tangu siku ile hatukurudi kwenye utaratibu wa zamani. Abiria wakifika wanatandika, wanafungua wenyewe, wanasimama nyuma ya vitu vyao, na wakati mmoja anakaguliwa wawili wanaofuata wameshapanga. Wazee wana mkeka wao pembeni, hawapitishwi tena mbele kwa kushtukiza. Chaki tuliitupa, mzigo uliokaguliwa ukawa unaingizwa ghalani papo hapo na mlango unafungwa. Dakika arobaini zikawa kumi na tano. Meneja aliniita ofisini, akanisifu kwa ubunifu, akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia msibani. Alidhani natania. Nikakwenda kumwambia mama mkwe kwamba amesifiwa na meneja, akasema, "Aniongezee mke wa mwanangu mshahara basi," akaendelea kuchambua maharage.

Na simu ikaja posta: wamemfungua bandeji, anaona. Jicho la kulia sana, la kushoto kidogo. Alikuwa amesoma kwa sauti maandishi ya ukutani, na wauguzi wakapiga makofi.

Alirudi kwa ndege siku ya jua. Nilikuwa nimeoga, nimevaa sare iliyopigwa pasi, sijui kwa ajili gani, maana wanaoshuka hawakaguliwi. Hakuna sababu yoyote ya mkaguzi kuwa karibu na mtu anayewasili. Ndege ilipozima injini nilikuwa nimeshajisogeza nyuma ya ghala, kanga kichwani, kama inavyotakiwa.

Nilimsikia akishuka. Alikuwa anawataja watu kwa nyuso. "Wewe! Umenenepa!" "Na wewe mvi zimetoka wapi?" Alimwambia mwenzangu kwamba alimdhania kijana, kumbe ni mzee mwenzake. Alimwambia mama mkwe jambo nisilolisikia, na mama mkwe akamwambia aache upuuzi mbele za watu. Akaisifu chai, akasifu nyasi, akawasifu hata ng'ombe. Kila mtu pale alitazamwa. Kisha akauliza, "Na mkaguzi?"

"Yupo nyuma ya ghala," akajibu mwenzangu.

Nilisikia viatu vikisimama. Kama angechukua hatua kumi tu angefika kwenye kona. Akakohoa. Kile kikohozi chake, cha kona ya jiko.

"Mwambieni naona," akasema. Nikasikia akigeuka, akaenda zake.

Aliishi miaka mingine mingi baada ya pale, na hakunisemesha tena; aliacha mikungu ukutani, na kuni zikarudi kupasuliwa vizuri. Ndivyo ilivyopaswa kuwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwomba Mungu kila usiku ampe macho. Siku ile nyuma ya ghala nililia kwa furaha, furaha ya kweli. Na katikati yake, Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja nilitamani mzee asingepona, nisimame tena mbele yake nimefumba macho, aniite mwanangu.